Mabingwa wa Kulenga: Rekodi za Jicho na Ubongo

Mwanga ukishagonga retina, nyuma kabisa ya jicho, kazi ndiyo kwanza inaanza. Seli za retina huugeuza kuwa ishara za umeme, ishara husafiri kwenye neva ya macho hadi ubongoni, na huko huchambuliwa vipande vipande kabla hujajua kwamba umeona kitu. Kwa binadamu shughuli hiyo yote hula takriban sehemu ya kumi ya sekunde. Unaweza kusema ni muda wa kupuuza, ila mpira wa kriketi unaorushwa kwa kilomita 160 kwa saa husogea zaidi ya mita nne ndani ya muda huo. Unapouona hapa, umeshafika kule.

Kila kiumbe chenye macho, basi, kinatazama jambo lililokwisha kupita. Deni hilo la muda halina msamaha. Wapo wanaolipunguza kwa kuharakisha neva, wapo wanaolipa kwa kukisia mbele, na wapo wanaoishi nalo tu bila kujua. Katika rekodi zinazofuata sikumpa nafasi ya kwanza mwenye jicho kubwa wala mwenye jicho kali. Nimempa anayejua kukisia.

Anayekosa mara chache kuliko wote

Simba wa Serengeti, pamoja na sifa zote anazomwagiwa, hutoka kapa mara nyingi kuliko anavyopata. Kereng'ende, huyu anayetua kwenye majani ya kando ya dimbwi, akiondoka kumfuata mbu au kijidudu chochote angani hurudi naye mdomoni karibu mara 95 katika kila 100. Hakuna mwindaji mwingine ninayemjua anayeikaribia rekodi hiyo kwa urahisi.

Macho yake yamefunika karibu kichwa kizima, na katika aina zenye macho makubwa kila jicho lina vijijicho vinavyofika 30,000. Lakini siri haimo katika wingi wa vijijicho. Kereng'ende hamfukuzi mbu kwa nyuma. Anaruka kuelekea mahali mbu atakapokuwa, wakutane hapo. Nahodha wa jahazi anaijua kanuni hii tangu enzi: ukiona chombo kingine kinakuja, na kila ukikitazama kiko pembe ileile huku kinazidi kukua, ujue mtagongana. Nahodha hugeuza usukani ili pembe ibadilike. Kereng'ende hugeuza mbawa ili isibadilike.

Hesabu hiyo hufika kwenye mbawa kupitia kundi dogo la kushangaza la seli. Mwaka 2013 Paloma Gonzalez-Bellido na wenzake walionyesha kwamba neva 16 tu, jozi nane, zinazotoka kichwani kwenda kifuani, kwa pamoja hubeba habari ya upande ambao windo linaelekea. Kumi na sita! Mwaka huohuo Steven Wiederman na David O'Carroll wa Adelaide, Australia, walichomeka elektrodi nyembamba kwenye seli moja ya ubongo wa kereng'ende na kumwonyesha shabaha mbili kwa mpigo. Seli ile haikuchanganya hizo mbili wala haikutafuta wastani wake. Ilichagua moja na kuijibu kana kwamba nyingine haipo. Mdudu anayewinda ndani ya wingu la mbu anahitaji uwezo huo kuliko kitu kingine chochote, maana anayebadili nia katikati ya safari hubaki na njaa.

Kisha ikaja kazi iliyochapishwa mwaka 2015 na kundi la Anthony Leonardo kule Janelia, Marekani. Walibandika vidoa vinavyorudisha mwanga kwenye kichwa na mwili wa kereng'ende, wakamfuatilia kwa kamera za kasi akiwinda ndani ya ukumbi maalumu. Kichwa chake kilikuwa kinageuka kufidia mwendo wa mwili wake mwenyewe kabla jicho halijapata nafasi ya kuona kwamba picha imehama. Kwa hiyo ubongo ule mdogo unakadiria mambo mawili kwa wakati mmoja: windo litakwenda wapi, na mimi mwenyewe nitakuwa nimegeuka vipi.

Bingwa huyu ana uhusiano na pwani yetu. Aina iitwayo Pantala flavescens huonekana kwa makundi Afrika Mashariki wakati wa mvua. Charles Anderson, mwanabiolojia aliyeishi Maldivi, alieleza mwaka 2009 kwamba makundi hayo huvuka Bahari ya Hindi kutoka India kupitia Maldivi, yakisukumwa na upepo uleule wa kaskazi ulioleta majahazi, na kizazi kinachofuata hurudi na upepo wa kusi. Alikadiria mzunguko mzima kuwa kilomita 14,000 hadi 18,000, zinazogawanywa kati ya vizazi kadhaa. Safari ya namna hiyo ni miongoni mwa ndefu kuliko zote zinazojulikana kwa wadudu.

Wenye haraka

Taa inayowaka na kuzimika mara 60 kwa sekunde, binadamu wengi huiona imetulia tuli. Ndege mdogo wa Ulaya aitwaye kitaalamu Ficedula hypoleuca, mla wadudu anayewadaka hewani, bado anaiona ikipepesa: vipimo vilivyotolewa mwaka 2016 vilimpa kiwango cha mara 146 kwa sekunde. Nzi kadhaa huvuka 250. Ndiyo sababu mkono wako, uende kasi namna gani, kwa nzi ni kitu kinachokuja taratibu.

Nzi dume wa nyumbani akimfukuza jike angani, hugeuka milisekunde 30 hivi baada ya jike kugeuka. Michael Land na Thomas Collett walipima hilo mwaka 1974 kwa kupiga filamu na kuchora njia za nzi wawili, picha kwa picha. Ni kazi ya kuchosha, lakini nani asiyewahi kujiuliza wale nzi wanaozunguka chini ya taa ya sebuleni wanatafuta nini?

Samaki mwenye pua ndefu bapa mfano wa upanga, Xiphias gladius, wa kundi ambalo wavuvi wengi wa pwani huliita nduaro, ametafuta njia yake: anapasha macho joto. Maji ya kilindini ni baridi, na baridi huzubaisha neva. Msuli mmoja wa jicho lake umegeuka kuwa jiko, hausogezi tena kitu bali hutoa joto tu, na huweka jicho na ubongo nyuzi 10 hadi 15 za Selsiasi juu ya maji yanayomzunguka. Utafiti wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba joto hilo huweza kuongeza kasi ya kuona kwake zaidi ya mara kumi. Ngisi anayemkimbia hana jiko la namna hiyo.

Mwendo wa kasi kuliko wote mwilini mwako

Usiende mbali. Shika ukurasa huu mbele yako na utikise kichwa kushoto na kulia huku ukisoma. Maneno yanasomeka. Sasa tuliza kichwa, utikise ukurasa kwa kasi ileile. Hayasomeki.

Tofauti hiyo inatokana na rifleksi iliyo miongoni mwa zenye kasi kubwa kuliko zote katika mwili wa binadamu. Chombo cha mizani kilichomo ndani ya sikio hupima mzunguko wa kichwa, na mnyororo wa neva tatu tu huyageuza macho upande wa pili, kiasi hichohicho, ndani ya milisekunde kumi hivi. Haisubiri retina. Ukurasa unapotikisika wenyewe, sikio halina habari, na jicho huachwa lifuatilie kwa kuona peke yake. Hapo ndipo deni la sehemu ya kumi ya sekunde linapojitokeza.

Rekodi ya mwendo wenyewe ni ya ule mruko wa macho kutoka neno moja hadi jingine. Mruko mkubwa hufika nyuzi 700 kwa sekunde, wengine hata zaidi. Macho yako yanaruka hivyo kama mara tatu kila sekunde ukiwa macho, zaidi ya mara laki moja kwa siku, na hujawahi kuyaona. Simama mbele ya kioo, tazama jicho lako la kushoto, kisha la kulia. Aliye kando yako ataona macho yakihama. Wewe huoni, kwa sababu wakati wa mruko ubongo hupunguza makali ya kuona na kuunganisha picha ya kabla na ya baada. Jaribu hivyohivyo kwa kamera ya mbele ya simu, ambayo picha yake huchelewa kidogo, na utayakamata yakitembea.

Kwa nini yahangaike hivyo? Kwa sababu dirisha lako la kuona vizuri ni dogo mno. Fovea, sehemu ya retina inayosoma na kutambua nyuso, ina upana wa milimita moja na nusu tu, na kitovu chake, penye makali kuliko pote, hakifiki nusu milimita. Nyoosha mkono, tazama ukucha wa kidole gumba: hilo ndilo eneo unaloliona kwa ufasaha. Kwingine kote ni makadirio, na ubongo huamua kila baada ya muda mfupi ni wapi patakapoelekezwa dirisha hilo.

Ulimi wa Usambara

Watu humwogopa kinyonga au humcheka kwa mwendo wake. Wamwangalie usoni. Kila jicho limekaa kwenye mnara wake, linazunguka karibu nyuzi 180 kutoka mbele hadi nyuma, na anapotafuta windo jicho la kushoto huenda zake na la kulia zake. Akishalipata, yote mawili hugeuka mbele na kukaza.

Hapo wengi wangedhani anapima umbali kwa kulinganisha picha za macho mawili, kama sisi. La. Mwaka 1977 Lindesay Harkness aliwavisha vinyonga lenzi, na kwa namna ndimi zao zilivyopita au kupungukia shabaha akaonyesha kwamba wanapima umbali kwa kiasi ambacho jicho linajibana ili picha iwe kali. Mwaka 1995 Matthias Ott na Frank Schaeffel wakagundua kwamba lenzi ya jicho lake hutawanya mwanga badala ya kuukusanya, jambo la nadra sana kwa wanyama wenye uti wa mgongo. Pamoja na konea, utando angavu wa mbele ya jicho, inayokusanya mwanga kwa nguvu, mpangilio huo hukuza picha kwenye retina na kufanya kipimo cha umbali kiwe sahihi zaidi.

Usahihi huo ni wa lazima kwa sababu ulimi ukishatoka haurekebishwi. Na unatoka kweli! Mwaka 2016 Christopher Anderson wa Chuo Kikuu cha Brown alipima aina 20 za vinyonga na kukuta kwamba wadogo ndio wakali. Mshindi alikuwa Rhampholeon spinosus, kinyonga mdogo wa milima ya Usambara, Tanzania, ambaye bila mkia hafiki urefu wa kidole. Ulimi wake uliongeza kasi kwa mita 2,590 kwa sekunde, kila sekunde, yaani mara 264 ya mvutano wa dunia. Kwa wingi wa nguvu inayotolewa na kila kilo ya msuli, hakuna mtambaazi, ndege wala mamalia aliyewahi kupimwa akamshinda. Msuli peke yake hauwezi hilo. Hujivuta kwanza na kuweka nguvu kwenye tishu zinazonyumbuka, kisha huziachia zote kwa mkupuo. Misitu anamoishi inazidi kumegwa kwa mashamba na mbao, na hilo linapaswa kutuuma zaidi ya rekodi inavyotufurahisha.

Buibui wa Mbita

Kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, na hata upande wa Uganda, yupo buibui mrukaji wa milimita tano hivi aitwaye Evarcha culicivora. Hatandi utando wa kunasa. Ananyemelea na kurukia. Windo analolipenda kuliko yote ni mbu jike aliyekwisha kushiba damu, na akipewa nafasi ya kuchagua humchagua Anofelesi, yule anayeeneza malaria. Robert Jackson na wenzake walioandika habari zake mwaka 2005, kutokana na kazi ya kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE pale Mbita, walieleza kwamba yeye mwenyewe hana mdomo wa kututoboa ngozi. Anaipata damu yetu kwa mkono wa pili.

Macho yake manane yamegawana kazi, na hapa ndipo panaponivutia. Sita ya pembeni yana eneo pana la kuona, yanagundua mwendo na kuuambia mwili ugeuke wapi. Mawili makubwa ya mbele huona kwa makali, lakini kwa upenyo mwembamba sana. Lenzi zake zimeshikamana na gamba la kichwa, hazigeuki, kwa hiyo buibui huzungusha retina yenyewe kwa misuli iliyomo ndani, akipapasa kitu sehemu baada ya sehemu. Kinachomwambia kwamba huyu ni Anofelesi ni, pamoja na mambo mengine, mkao: mbu huyo akitua huinua tumbo juu kwa mshazari, ilhali mbu wa kawaida hulaza mwili sambamba na ukuta. Mwanafunzi wa afya hujifunza tofauti hiyo darasani. Buibui huyu huzaliwa nayo.

Umbali wa kurukia nao una hadithi. Watafiti wa Japani walioongozwa na Takashi Nagata walionyesha mwaka 2012, kwa aina nyingine ya buibui mrukaji, kwamba retina yake ina tabaka nne zilizopangana, na tabaka mbili hupokea mwanga wa kijani. Moja hupata picha kali, nyingine hupata picha yenye ukungu, na kiasi cha ukungu ndicho kipimo cha umbali. Wakimuweka chini ya mwanga mwekundu pekee, hesabu huharibika na buibui hutua kabla ya kufika.

Miwani midogo kuliko yote

Vunjajungu wa Afrika, Sphodromantis lineola, alivishwa miwani ya sinema ya 3D katika Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, na kundi la Jenny Read. Kioo kimoja bluu, kingine kijani, vimebandikwa kwa nta ya nyuki. Matokeo yalitoka mwaka 2016: kijidudu cha kwenye skrini kilipoonekana kama kimejitokeza hadi karibu na mikono yake, vunjajungu alikirukia. Kilipobaki bapa kwenye skrini, alikipuuza. Hivyo ubongo usiofika seli milioni moja nao hulinganisha picha za macho mawili kupata umbali, jambo ambalo kinyonga, tuliyemwona, analikwepa anapolenga.

Jicho kali, jicho kubwa

Kwa makali peke yake bingwa ni tai wa Australia, Aquila audax. Upana wa kidole kidogo ukiwa umenyoosha mkono ni takriban nyuzi moja. Ndani ya upana huo binadamu mwenye macho mazima hutofautisha jozi 60 hivi za mistari myeusi na myeupe. Lizette Reymond alimpima tai huyo mwaka 1985 akapata takriban 140.

Jicho kubwa la nchi kavu ni la mbuni: sentimita tano, kubwa kuliko ubongo wake. Jicho kubwa kuliko yote ni la ngisi wakubwa wa kilindini, sentimita 27 kwa ngisi mmoja aliyepimwa. Dan-Eric Nilsson na wenzake walipiga hesabu mwaka 2012 wakasema ukubwa huo unafaa hasa kwa kazi moja: kumwona nyangumi mwindaji akiwa mita 120 hivi, kwa mng'ao wa viumbe vidogo anavyovisumbua anapopita.

Ninayemheshimu zaidi katika kundi hili ni kozi anayepiga mbizi kutoka angani, Falco peregrinus, yule ambaye wafugaji wa kozi wa Oman na Ghuba humwita shahini. Akiporomoka huvuka kilomita 300 kwa saa. Mwaka 2017 watafiti wa Oxford, baada ya kuwafunga kozi vifaa vya GPS na kamera ndogo, walitangaza kwamba njia wanazopita hufuata kanuni ileile inayoongoza makombora: geuka kwa kasi inayowiana na kasi ambayo mstari kati yako na shabaha unageuka. Hahitaji kujua umbali wala mwendo wa njiwa. Wahandisi walifika hapo baada ya vita na bajeti nene.

Ubongo mdogo kuliko wote

Nyigu wa Megaphragma ana urefu wa sehemu ya tano ya milimita na jumla ya seli za neva 7,400 hivi, nyingi zikiwa hazina hata kiini. Bado anaruka, anaona, na anatafuta mayai ya wadudu wengine atakamotagia. Na kiwavi bahari aitwaye Tripedalia cystophora, wa mikoko ya Karibi, hana ubongo wa kati kabisa, ila ana macho 24. Manne kati yake yametazama juu daima, hata akipinduka, kwa sababu yamening'inizwa na kipande kizito cha chumvi, nayo huangalia kivuli cha miti ya mikoko ili mwenyewe asipotee.

Kosa lisilorekebishika

Kwenye ubongo wa kati wa binadamu kuna vilima viwili vidogo viitwavyo kolikuli za juu. Kwa samaki, chura na ndege, sehemu inayolingana nayo huitwa tektamu na ndiyo kitovu cha kuona. Seli zake zimepangwa kiramani: pointi zilizo jirani machoni ni jirani pia hapo. Mtafiti aitwaye Adamük aliligusa eneo hilo la wanyama kwa umeme mwaka 1870 na macho yakageuka, upande ukitegemea alipogusa. David Robinson aliichora ramani hiyo kwa nyani mwaka 1972 kwa usahihi. Tabaka za chini hupokea pia sauti na mguso, kwenye ramani hiyohiyo, ndiyo maana tawi likivunjika kichakani macho yako hufika pale kabla hujaamua kutazama.

Sasa fikiria ramani ikigeuzwa. Miaka ya 1940 Roger Sperry alikata neva ya macho ya vyura, akageuza jicho nyuzi 180, akaacha neva iote upya. Nzi akiwa juu, chura alirusha ulimi chini. Nzi akiwa mbele, chura alirukia nyuma. Wiki zikapita, miezi ikapita, njaa haikumfundisha kitu. Kila uzi wa neva ulikuwa umerudi mahali pake pa asili, na mahali pa asili sasa palikuwa pabaya. Sperry alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1981, kwa kazi yake nyingine ya nusu mbili za ubongo.

Ramani ya gharama kuliko zote ni ya binadamu. Tatsuji Inouye, daktari wa macho wa Japani, aliwapima askari waliopigwa risasi nyuma ya kichwa katika vita vya Urusi na Japani vya 1904 na 1905 wakapona. Alifuatilia risasi ilipoingia na ilipotokea, akalinganisha na sehemu ya upeo wa macho iliyopofuka, na mwaka 1909 akachapisha ramani. Iligundulika kwamba kile kieneo cha ukucha wa kidole gumba kimepewa sehemu kubwa mno ya gamba la kuona, lile tabaka la nje la ubongo lililo kisogoni.

Uharibifu wa namna hiyo umetufundisha pia kwamba kuona kitu na kuona kikienda si kazi moja. Mwaka 1983 Josef Zihl wa Munich na wenzake walieleza habari za mwanamke aliyeharibika sehemu mbili za ubongo zinazohusika na mwendo. Alitambua rangi, alisoma, aliwajua watu. Lakini akimimina chai aliiona imesimama, imeganda, na hakuweza kuona kikombe kikijaa, kwa hiyo hakujua aache lini. Barabarani gari lilikuwa mbali, kisha ghafla liko hapa. Alijifunza kutumia masikio.

Kinyume chake ndicho rekodi yangu ya maajabu. Mgonjwa mmoja alipofuka kabisa baada ya viharusi viwili kuua gamba la kuona pande zote mbili. Mwaka 2008 Beatrice de Gelder na wenzake walimwomba apite kwenye ukumbi mwembamba uliotapakaa maboksi na viti, bila fimbo, bila kuambiwa kwamba kuna vizuizi. Alipita pasipo kugusa hata kimoja, na hakuona chochote. Kolikuli na njia nyingine za kale, zinazokwepa gamba, zinaelekea kuwa zimefanya kazi bila kumpa taarifa mwenyewe.

Uwanjani

Tarehe 22 Februari 2003 mjini Cape Town, katika Kombe la Dunia la kriketi, Shoaib Akhtar wa Pakistani alirusha mpira kwa kilomita 161.3 kwa saa, na ndio uliorekodiwa kuwa wa kasi kuliko yote. Mpigaji aliyekabili mpira wa Akhtar alikuwa na chini ya nusu sekunde. Anafanyaje?

Michael Land, yuleyule wa nzi, na Peter McLeod waliwavalisha wapigaji watatu kamera za kufuatilia macho na kutoa majibu mwaka 2000. Wote watatu walitazama mpira unapotoka mkononi, kisha wakaachana nao! Macho yaliruka mbele hadi mahali mpira utakapodunda, yakausubiri hapo. Mpigaji bora aliruka mapema kuliko mpigaji dhaifu. Ushauri wa makocha wa kutoondoa macho kwenye mpira, basi, haufuatwi hata na wachezaji wazuri.

Mpira mmoja ni nafuu. Zenon Pylyshyn na Ron Storm walionyesha mwaka 1988 kwamba kati ya vitu vinavyofanana vinavyozagaa kwenye skrini, watu wengi humudu kufuatilia vinne au vitano tu kwa wakati mmoja. Mwamuzi msaidizi wa soka kwenye mstari anapaswa kujua, katika nukta moja, aliko mpigaji pasi, mpira, mshambuliaji na beki wa mwisho. Tayari amefika ukingoni. Na Romi Nijhawan aliongeza balaa mwaka 1994: kitu kinachotembea, kikilinganishwa na mmweko wa ghafla, huonekana kimetangulia kuliko kilipo. Ubongo unalipa lile deni la muda kwa kukisia mbele. Kwa kereng'ende hiyo ni chakula. Kwa mwenye kibendera, mshambuliaji anayekimbia huonekana amekwisha kuotea wakati mguu wa mpiga pasi ndio kwanza unagusa mpira.

Bodi ya kanuni za soka iliingiza VAR, mwamuzi msaidizi wa video, kwenye sheria mwaka 2018, lakini viwanja vyetu vingi havina. Kwa hiyo kibendera kikipanda Jumamosi hii, na wewe uliyeko jukwaa la mbali una hakika kwamba mtu wako hakuotea, mpunguzie matusi mwamuzi. Ubongo wenu ni wa aina moja, na yeye alikuwa amesimama karibu zaidi.